Taulo za maikrofaiba za gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuzifua na kuzitunza

Naosha na kung'arisha magari Tabata, Dar es Salaam. Wateja wengi huniuliza ni dawa gani napaka kwenye rangi. Ni wachache sana wanaouliza taulo nazifuaje, wakati kwa ninavyoona mimi mikwaruzo mingi inaanzia kwenye kamba ya kuanikia na beseni la kufulia, gari lenyewe likiwa bado halijaguswa. Tunafua taulo kila siku, kwa mkono na kwa mashine, kwa maji ya bomba yakitoka na ya kisima yasipotoka. Majibu haya ni kwa anayeosha gari lake nyumbani Jumamosi asubuhi, na kwa vijana wanaoifanya kazi hii kila siku.

Maikrofaiba ni kitu gani hasa? Si taulo tu?

Ni kitambaa cha nyuzi nyembamba mno za aina mbili, poliesta na nailoni (kwenye lebo nailoni huandikwa pia poliamidi). Ukisoma 80/20 au 70/30, namba ya kwanza ni poliesta na ya pili ni nailoni. Poliesta inaipa taulo uimara na inashika mafuta vizuri. Nailoni inaongeza ulaini na unyonyaji wa maji.

Unene wa uzi hupimwa kwa denia. Chukua uzi wenye urefu wa mita 9,000, yaani kilomita 9, karibu sawa na kutoka Ubungo hadi Posta. Ukiuweka wote kwenye mzani ukapata gramu 1, huo ni denia 1. Maikrofaiba ni uzi ulio chini ya hapo. Kisha kiwandani uzi huo hupasuliwa kwa urefu wake, ukawa kama chungwa lililomenywa na vipande vyake vikaachana kidogo. Kati ya vipande hivyo kuna nafasi, na humo ndimo vumbi na maji yanapoingia na kukaa. Pamba huyanywa maji ndani ya uzi wenyewe, maikrofaiba huyashika katikati ya nyuzi.

Hizo nafasi ndizo ulizolipia dukani. Sabuni iliyobaki, mafuta, chumvi ya maji, manyoya ya pamba, joto kali: kila kimoja kinaziziba au kinaziharibu kwa namna yake, na karibu maswali yote yanayofuata yanarudi hapo.

Jambo dogo ninalolipenda: nyuzi hizi zilipata umaarufu wake wa kwanza Japani, kampuni ya Toray ilipotoa Ultrasuede mwaka 1970, kitambaa kinachofanana na ngozi laini. Nchi ileile yanakotoka magari mengi tunayoyaosha hapa.

Nimenunua taulo mpya, ziko kwenye mfuko wake. Nazo nizifue kwanza?

Ndiyo. Taulo mpya ina manyoya yaliyobaki wakati wa kukatwa, ina rangi ya ziada, na imepita maghala na magari mengi kabla ya kukufikia. Fua mara moja kwa sabuni kidogo ya maji, za rangi kali (nyekundu, bluu iliyokolea, nyeusi) ukizitenga na zile nyepesi. Kata lebo kwa mkasi, karibu kabisa na mshono. Usiivute kwa mkono, utafumua ukingo. Lebo ni ngumu kuliko taulo yenyewe na inaacha mstari kwenye rangi nyeusi. Nimeuona zaidi ya mara moja.

Ukiwa na mzani wa jikoni, pima kabla hujafua. Uzito wa taulo hizi hutajwa kwa gramu kwa kila mita moja ya mraba, na wauzaji huandika GSM. Taulo ya sentimita 40 kwa 40 iliyoandikwa 400 inatakiwa iwe na gramu 64 hivi. Ukipata gramu 40, umeuziwa taulo ya 250. Siyo kwamba 250 ni mbaya, inafaa vioo na ndani ya gari, ila usiilipie bei ya 400 wala usiitegemee kukaushia boneti.

Naweza kuzifua pamoja na nguo za nyumbani?

Hapana, hata kama ni taulo mbili tu. Pamba hutoa manyoya, na maikrofaiba kazi yake ni kukamata manyoya. Kanga moja na taulo mbili za kuogea zinatosha kuzifanya taulo zako zote za gari ziwe na upele mweupe, kisha utakuwa unapanda manyoya hayo juu ya kioo kila unapofuta. Zipu na vifungo vya kunata nazo hunasa nyuzi na kuzivuta.

Ndiyo maana fulana za mitumba, ambazo vijana wengi tulianza nazo kazi, siku hizi naziweka kwenye injini na ringi peke yake, na hazikutani na maikrofaiba hata kwenye ndoo.

Sabuni gani ni nzuri?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu linategemea kilichopo dukani kwako.

Sabuni ya mche au ya kipande: iache. Ni nzuri kwa nguo, lakini ikikutana na maji magumu yenye kalsiamu na magnesiamu hutengeneza utando mweupe unaonata, uleule unaouona pembezoni mwa beseni baada ya kufua. Utando huo unaganda katikati ya nyuzi na hausuuziki kirahisi. Tena ukisugua kipande moja kwa moja kwenye taulo unasukuma sabuni nzito ndani kabisa, mahali ambapo maji ya kusuuzia hayafiki.

Sabuni ya unga: inawezekana, ila kwa masharti. Chembe zake nyingi haziyeyuki vizuri kwenye maji ya baridi. Mimina kijiko kwenye kikombe cha maji ya bomba, koroga, subiri dakika tano, halafu pitisha kidole chini ya kikombe. Ukisikia chenga, chenga hizo zitaingia kwenye taulo na taulo itapanda kwenye rangi. Kama ni unga tu ulio nao, uyeyushe kwanza kwenye maji ya moto, uache utulie, umimine yale ya juu na kuacha masalia. Epuka zile zilizoandikwa kwamba zina kilainisha nguo ndani yake.

Sabuni ya maji ya kufulia: hii ndiyo ninayoitumia. Isiyo na harufu kali, isiyo na kilainisha, isiyo na dawa ya kung'arisha weupe. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha ndoo ya lita 10. Watu wengi hawaamini, wanaongeza mpaka povu linamwagika, kisha wanashindwa kulitoa.

Na ile ya mtaani, inayouzwa kwenye chupa za maji zilizotumika? Inayotengenezwa kwa salfoniki na slesi (kemikali zinazofua na kutoa povu), magadi na chumvi? Nimeitumia miaka mingi na sina ugomvi nayo. Hii ni ya jamii ya sabuni za kisasa za kufulia, haifanyi utando kama sabuni ya mche. Shida yake ni mkono wa mtengenezaji. Mmoja anazidisha magadi mpaka ngozi inachubuka, mwingine anazidisha chumvi na vizito ili ionekane nzito kwenye chupa, na uzito huo ni wa macho tu, haufui. Nunua kwa mtu mmoja unayemwamini, tumia kidogo, suuza zaidi.

Zipo pia sabuni maalumu za maikrofaiba zinazouzwa na maduka ya vifaa vya magari. Zinafanya kazi. Kwa mwenye taulo sita nyumbani sioni ulazima wake.

Kilainisha nguo je? Taulo zangu zimekuwa ngumu, nataka zilainike.

Tafadhali usitumie. Kilainisha hufanya kazi kwa kuacha utando mwembamba wenye mafuta juu ya kila uzi, na ndiyo maana nguo inateleza mkononi na kunukia. Kwenye maikrofaiba utando huo unaziba zile nafasi. Taulo inakuwa laini kweli ukiishika, lakini ukiipitisha kwenye maji inayasukuma badala ya kuyanywa, na kwenye kioo inaacha ukungu ambao unauona vizuri usiku, taa za magari yanayokuja zikikupiga usoni.

Kama mashine ya nyumbani ni ya familia nzima na mama watoto anatumia kilainisha kwa nguo, toa lile droo dogo la mashine, lioshe kwa maji ya moto, kisha endesha mzunguko mfupi mtupu kabla ya kuweka taulo. Masalia ya droo peke yake yanatosha kuharibu mzigo mzima.

Ugumu wa taulo kwa kawaida unatokana na sabuni au chumvi iliyobaki. Dawa yake iko chini, kwenye swali la kufufua taulo.

Nikiweka Jik kidogo zing'ae?

Usiweke. Klorini iliyomo kwenye Jik inaila nailoni, na taulo itaanza kumwaga nyuzi bila wewe kujua sababu. Madoa kwenye taulo ya gari hayana shida. Taulo yenye doa lililofuliwa vizuri ni taulo safi.

Na hapa naomba unisome kwa makini: siki na Jik visikutane kamwe, si kwenye ndoo moja, si kwenye mashine moja, si kwa kumwaga kimoja juu ya kingine. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na hiyo inachoma macho na mapafu. Kwenye banda dogo lisilo na hewa mtu anaweza kudhurika vibaya. Kazini kwangu Jik haikai chumba kimoja na taulo.

Nifue vipi kwa mkono, hatua kwa hatua?

Ndoo tatu. Ya kwanza ya sabuni, ya pili na ya tatu za maji matupu. Kabla ya yote, kung'uta kila taulo ikiwa kavu, kwa nguvu, mbali na gari, mpaka usione vumbi likiruka. Ukiilowesha na vumbi lake umetengeneza tope.

Maji ya ndoo ya sabuni yawe ya vuguvugu, nyuzi joto 40 hivi, yaani unatia mkono na kuuacha humo bila kusikia unaungua. Loweka dakika 20 hadi 30. Kisha fikicha taulo dhidi ya yenyewe, upande kwa upande, kwa vidole. Usitumie brashi ngumu, usipige kwenye jiwe, usisugue kwenye sakafu ya saruji. Nimemwona mtu akifua taulo ya kukaushia rangi juu ya zege la uani, na ukiipitisha kiganjani baadaye unasikia chenga za saruji.

Kamua kwa kuminya, kama unavyominya tui kwenye nazi iliyokunwa: kunja, bana, achia. Kuisokota mpaka ilie kunavuta vishungi (vile vinyuzi vilivyosimama usoni mwa taulo) na kulegeza mishono ya ukingoni. Peleka ndoo ya pili, ichovye na kuiinua mara kumi na zaidi, minya. Ndoo ya tatu, hivyo hivyo. Maji ya mwisho yaangalie. Yakiwa bado na povu, badilisha maji na urudie. Mimi hupima hivi: naminya taulo iliyosuuzwa juu ya kiganja, nasugua vidole viwili. Vikiteleza, sabuni bado ipo. Vikikwama kama vidole vilivyooshwa kwa maji matupu, tayari.

Kusuuza ndiko kunakochosha, na ndiko vijana wanakokukimbia. Kama una maji ya kutosha kwa kazi moja tu kati ya kufua vizuri na kusuuza vizuri, punguza sabuni na usuuze vizuri.

Na kwa mashine?

Jaza pipa nusu, au theluthi mbili kwa wingi, taulo zipate kuogelea. Joto 40, mzunguko mpole, sabuni nusu ya ile unayoweka kwa nguo, na ongeza mzunguko mmoja wa kusuuza. Taulo za magurudumu na injini zisiingie pamoja na za kufutia rangi ya gari hata siku moja.

Kwetu tunatumia maji ya kisima, yana chumvi. Taulo zinakauka kama ubao.

Nakuelewa kabisa, maana maeneo mengi ya pwani, kuanzia Dar hadi Mombasa, visima vina maji ya chumvi na magumu. Maji yanapokauka, chumvi na chokaa haviendi na hewa, vinabaki kwenye uzi. Ndivyo hivyohivyo vinavyoacha yale madoa meupe ya duara kwenye boneti nyeusi ukiiacha ijikaukie juani.

Ukiweza, fua kwa maji ya kisima lakini suuza mara ya mwisho kwa maji ya bomba au ya mvua. Mvua za masika nakinga kwenye mapipa kwa kazi hii hasa, baada ya kuacha paa lioshwe na mvua ya kwanza. Usipoweza, suuza ya mwisho iwe na siki nyeupe: kikombe kimoja cha chai kwenye lita 10 za maji, dakika 20, kisha pitisha kwenye maji matupu mara moja. Asidi ya siki inayeyusha chokaa na masalia ya sabuni. Harufu inaondoka taulo ikikauka. Siki nyeupe tu, siyo ya rangi ya kahawia. Haihitajiki kila siku, mimi hufanya mara moja kila wiki mbili.

Nianike wapi? Juani ni vibaya?

Kivulini penye upepo ndipo mahali pake. Jua la siku moja haliui taulo, lakini jua kali la kila siku kwa miezi hudhoofisha nailoni, na rangi ya taulo inapauka, ukashindwa kujua ipi ni ya nini. Kinachonisumbua zaidi ni vumbi. Taulo yenye unyevu kwenye kamba iliyo kando ya barabara ya vumbi ni mtego. Inakusanya mchanga saa mbili nzima, kisha mtu anaianua na kwenda kuifutia rangi kwa moyo mweupe, akiamini ni safi kwa sababu imetoka kufuliwa.

Usianike kwenye ua wa miti, kwenye bati, kwenye majani wala kwenye ukuta wa matofali. Tumia kamba iliyofutwa na vibanio vya plastiki, ndani ya kibaraza au banda lenye neti. Sisi tumefunga kamba nne ndani, juu, na feni moja kuukuu inazunguka. Taulo nyembamba hukauka ndani ya saa chache hata wakati wa masika. Ukishaanua, kung'uta tena kabla ya kukunja.

Mwenye mashine ya kukaushia aiweke kwenye joto la chini kabisa, bila zile karatasi za manukato.

Pasi?

Hapana. Nyuzi hizi ni plastiki, ncha zake zinayeyuka na kuwa ngumu. Usizimwagie pia maji yaliyotoka kuchemka jikoni.

Taulo imeanguka chini. Nikiikung'uta naweza kuendelea?

Hapana. Nitakueleza kwa nini nasema hivi bila kusita.

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alituletea Harrier jeusi. Kijana aliyekuwa na wiki ya pili kazini aliangusha taulo karibu na gurudumu la nyuma, akaiokota, akaikung'uta mara mbili, akaendelea na boneti. Sikumwona. Jioni mzee alipokuja kuchukua gari, jua lilikuwa limeshuka na mwanga unaipiga boneti kwa ubavu. Mikwaruzo ilionekana yote, nusu duara baada ya nusu duara, kama mtu kaichora kwa sindano kufuata mkono wa kijana. Mzee aliinama, akapitisha ukucha juu yake polepole.

"Kijana wangu, hii asubuhi ilikuwepo?"

"Hapana mzee. Ni sisi. Naomba uniachie gari mpaka kesho kutwa."

Tuliipiga polishi siku mbili bila malipo, na kila unapopiga polishi unapunguza klia (tabaka angavu la juu linalolinda rangi), ambayo hairudi. Usiku ule niliikunjua ile taulo chini ya taa, nikaipekua kishungi kwa kishungi. Nilitoa chembe tatu za mchanga. Tatu tu, nikaziweka kwenye karatasi nyeupe na kumwita yule kijana azione. Hakuwa mvivu, hakuna aliyekuwa amemfundisha, na hilo lilikuwa kosa langu.

Hesabu yake ni hii. Klia ya kiwandani ya gari ina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Chembe ndogo kabisa inayoitwa mchanga ina mikroni 63. Yaani chembe moja ni nene kuliko tabaka lote linalolinda rangi. Kukung'uta hakuitoi, kwa kuwa taulo imeundwa isiachie. Iliyoanguka inakwenda moja kwa moja kwenye ndoo ya chafu, na kila mfanyakazi anachukua taulo za akiba kabla hajagusa gari ili asishawishike kuokota.

Rangi za taulo zina maana yoyote?

Zina maana unayozipa, na ukishazipa usizibadili. Kwangu bluu ni bodi, kijani ni vioo, njano ni ndani ya gari, nyeusi ni ringi, vizingiti vya milango na injini. Kila rangi ina ndoo yake ya chafu. Vumbi la breki lina chembe za chuma, na taulo iliyowahi kufuta ringi hairudi kwenye boneti hata ikifuliwa mara kumi. Taulo ya vioo nayo ilinde na dawa za kung'arisha dashibodi na matairi, silikoni yake haitoki kirahisi na itakuachia michirizi kwenye kioo cha mbele.

Ikunje mara mbili, upate robo. Hapo una nyuso nane safi. Geuza kila uso unapoanza kuwa mzito, na utatumia taulo chache kwa siku, ambayo maana yake ni kufua kidogo.

Taulo za waksi, polishi na mipako ya seramiki nazifanyeje?

Kila moja ina kasi yake. Polishi na kompaundi (polishi nzito ya kuondoa mikwaruzo) zikikaukia kwenye taulo zinakuwa unga mgumu unaokwaruza, kwa hiyo ziloweke papo hapo, hata kama utazifua kesho. Weka ndoo ya maji ya sabuni pembeni unapofanya kazi. Waksi inahitaji maji ya vuguvugu na matone ya sabuni ya vyombo, ile inayokata mafuta, kabla ya kufua kawaida.

Mipako ya seramiki (dawa ya kupaka juu ya rangi ili kuilinda) ni habari nyingine. Dawa ile inaganda ikawa ngumu mfano wa kioo, na hakuna sabuni itakayoirudisha kuwa maji. Taulo iliyofutia seramiki, ikishakauka, usiiguse tena kwenye rangi. Nunua zile nyembamba za bei ndogo kwa kazi hiyo na uzihesabu kama sehemu ya gharama. Mteja wa seramiki analipa vizuri, hakuna sababu ya kubana taulo.

Grisi na oili nzito ya injini: tumia matambara ya pamba. Na usisafishe taulo kwa petroli au mafuta ya taa, kisha ukaiweka kwenye mashine au kuianika karibu na jiko. Hatari ya moto ni ya kweli.

Taulo hainyonyi tena. Inafufuka?

Mara nyingi inafufuka, kama tatizo ni kuziba. Itandaze mezani, dondosha maji kwa kijiko. Yakizama mara moja, taulo ni nzima. Yakikaa juu kama tone kwenye jani la gimbi, imeziba.

Iloweke saa mbili kwenye maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, na sabuni ya maji kidogo. Fikicha, suuza mpaka maji yawe maangavu. Kisha ndoo nyingine yenye siki, kwa kipimo nilichotaja juu, nusu saa. Suuza, anika, jaribu tena lile tone. Rudia mara moja. Ikishindikana mara mbili, nyuzi zimeungua kwa joto au zimejaa kilainisha kisichotoka, ishushe daraja.

Nizihifadhi vipi?

Kavu kabisa, zimekunjwa, ndani ya kontena la plastiki lenye mfuniko, kila rangi na lake. Siyo kwenye buti la gari pamoja na jeki na spana. Unyevu kidogo uliobaki kwenye hewa ya pwani unaleta ukungu na ile harufu ya chumba kilichofungwa. Ikinuka, fua tena kwa siki, usiifukize udi wala kuipulizia marashi.

Nitajuaje sasa imefika mwisho?

Kwa mkono. Osha mikono, ikaushe, pitisha kiganja taratibu juu ya taulo kavu. Taulo nzima ya maikrofaiba hukamata kidogo ngozi iliyokauka, lakini haichomi. Ukisikia kitu kinachoma au vishungi vimelala na kushikana kama nywele zisizochanwa, si ya bodi tena. Angalia na ukingo: mshono ukianza kufumuka na kuning'iniza uzi mgumu, vivyo hivyo.

Kwangu ya bodi inashuka kuwa ya milango kwa ndani, kisha vizingiti, kisha injini, na mwisho ringi. Kila ikishuka naikata pembe moja kwa mkasi. Isiyokatwa ni ya bodi, pembe moja ni ya milango, mbili ni vizingiti, na kuendelea. Hata kijana aliyeanza leo anaielewa bila kusoma.

Zinazokufa kabisa zinakwenda kwenye mfuko wa taka wa plastiki, hatuzichomi, moshi wake ni wa plastiki. Na kwa kuwa kila ufuaji unatoa vinyuzi vidogo vya plastiki, maji ya kufulia tunayapitisha kwenye kitambaa kizito kilichofungwa mdomoni mwa bomba kabla hayajaingia kwenye shimo. Kila Ijumaa jioni nakifungua kile kitambaa, na ndani yake kuna kijivu laini kama sufi, kinachojaa kiganja.